Usiku Mmoja Nyumbani kwa Nassor, Kopenhagen

Jamaa zangu, mmeniuliza habari za safari mara tatu pale kwenye chai, na mara tatu nimeinuka nikaenda zangu. Mbarouk akasema eti nimepanda kichwa kwa sababu nimekanyaga Ulaya. Sikupanda kichwa. Nilikuwa na hasira, na mimi nikijibu na hasira mbele ya watu nasema neno ambalo halitengenezeki tena. Kwa hiyo nimejifungia ofisini, simu nimeizima, naandika. Elimu yangu mnaijua: darasa la sita, na la sita lenyewe sikulimaliza. Lakini makaratasi ya kontena nayasoma mwenyewe, na tangu nianze kazi ya kago sijapoteza mzigo wa mteja, kuanzia Mombasa mpaka Entebbe. Na huu nitaufikisha.

Nyote mnamjua Nassor, mdogo wangu, aliyeko Kopenhagen, mji mkuu wa Denmark. Mnamjua kwa sababu mimi ndiye niliyewahadithia. Niliwaambia kaoa mwanamke wa Kizungu, ana watoto wawili, ana kazi kwenye hoteli. La hoteli ni kweli. Yaliyobaki niliyatunga mwenyewe, hapa hapa Muraqqabat, mtaa wetu wa Deira, Dubai, kikombe cha chai ya karaki mkononi, na kila mwaka nikiyaongezea chumvi. Sasa someni mpaka mwisho, ndipo mfungue midomo.

Muraqqabat mpaka uwanjani

Aliyenisafirisha ni mama. Yuko Unguja, Ng'ambo, na macho yake yanafifia; daktari kasema moja limeshakwenda na la pili liko njiani. Akanitumia sauti kwenye simu, fupi:

"Salum, nenda kamtazame Nassor. Ulale kwake, hata usiku mmoja, ndani ya nyumba yake. Usiniletee habari za kusikia. Nataka niambiwe na mtu aliyelala humo, wakati bado naona pa kutia mguu."

Mama akisema hivyo, khalas, imekwisha. Humjibu kitu.

Boksi nililifunga kwa mkono wangu. Nina vijana sita wa kufunga mizigo, lakini la Nassor nililifunga mwenyewe, tepu raundi nane: halua, tende, dagaa wakavu, na makopo mawili ya samli ambayo mama aliyatuma kwa abiria kutoka Unguja. Kanga zikakosa nafasi, nikazitia kwenye mfuko wa mkononi. Hizo kanga mnazijua. Doti nne, wake zenu ndio walionunua, na mke wa Mbarouk alichagua rangi mwenyewe. "Za shemeji yetu wa Ulaya," akasema, "ajue na yeye ana watu." Nikazipokea nikicheka.

Kutoka Muraqqabat mpaka uwanja wa ndege ni mwendo wa robo saa. Dereva akanizungusha mtaa mzima wa Garhoud kwa sababu njia moja imefungwa, na mimi nikamgombeza njia nzima. Maskini ya Mungu, hakuwa na kosa. Nilikuwa nagombana na ule mfuko wa kanga.

Istanbul, saa saba kwenye kiti cha chuma

Ndege ilichelewa Dubai kwa saa tatu, kwa hiyo ile ya kuunganisha Istanbul tukaikuta imeshaondoka. Hakuna aliyeomba radhi. Tukapewa tiketi ya mkate, mkate wenyewe una jani moja la saladi na kipande cha jibini chembamba hata naona upande wa pili. Nikamuuliza yule binti wa dirishani kama hiki ndicho chakula cha mwanamume aliyelipa nauli kamili. Akaniambia nisogee, kuna watu nyuma yangu.

Nilikaa karibu na mwanamke wa Kiganda, Grace, anafanya kazi ya nyumbani Dubai. Madam wake kaenda kupumzika kule wanakokaa wenye pesa, na yeye kaachwa sakafuni na mabegi manne na kigari cha mtoto. Nikamgawia tende.

"Sir, wewe Kopenhagen unaenda kufanya nini?"

"Biashara."

Akautazama mfuko. "Biashara gani ya doti nne za kanga? Hiyo si ya kuuza, sir. Hiyo ni ya mtu wa nyumbani."

"Za shemeji yangu," nikasema.

"Oo! Anaitwa nani?"

Jamani. Miaka tisa nimewahadithia huyo shemeji, nimempa nywele, nimempa watoto, nimempa hata ugonjwa wa mgongo mwaka ule mlipouliza kwa nini haji kututembelea. Jina sikumpa. Na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza.

"Anna," nikasema.

Grace akala tende, akatema kokwa kiganjani. "Umefikiri sana, sir."

Aliniudhi. Nilihamia kiti kingine, na kule baridi ya kiyoyozi ikanipiga mpaka tulipoitwa.

Forodhani

Kopenhagen tulifika saa nne asubuhi. Mimi, Salum, ambaye watu wananipigia simu kuniuliza kipi kinapita na kipi hakipiti, nilisimamishwa forodhani mbele ya watu wote. Binti mmoja mpole, amevaa glovu, akakata tepu yangu raundi zote nane. Halua ikapita. Dagaa wakapita, ingawa aliwanusa akafumba macho. Makopo ya samli akayaweka pembeni.

"Vitu vya maziwa kutoka nje haviruhusiwi."

"Hii samli ni ya mama yangu," nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha Deira. "Mama anaumwa macho. Ameikoroga kwa mkono."

"Nasikitika, bwana." Na kweli alisikitika, niliona usoni, lakini makopo yakaenda. Ningejua ningemwachia dagaa wote aniachie kopo moja. Mambo ya kago yasimulieni mnavyotaka huko barazani, lakini ndiyo mara ya kwanza mzigo kunipotea, na umepotea mikononi mwangu.

Nje hakuna aliyenipokea. Nikakuta ujumbe wa Nassor: yuko kazini, nipande treni, hoteli hii hapa, chumba kimeshalipiwa. Hoteli! Mtu katoka Dubai kuja kumwona ndugu yake wa tumbo moja, anaelekezwa hoteli kama mtu wa kampuni.

Hoteli yenye bendera

Kutoka kituo cha treni ni mwendo mfupi, ila nilikuwa natembea kwenye njia ya baiskeli bila kujua. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu alinipigia kengele, akanipitia ubavuni na kunitolea maneno nisiyoyajua lakini niliyoyaelewa. Boksi langu lililofungwa upya kwa tepu ya serikali likaanguka mara mbili.

Juu ya mlango wa hoteli kuna bendera ya rangi za upinde wa mvua. Mnajua maana yake, msijifanye. Ndani, kwenye ukuta, wameandika kwamba yeyote uliyekuja naye, karibu. Dada wa mapokezi, nywele kazinyoa pembeni, akaniuliza kama niko peke yangu au mwenzangu anakuja, na kama tutataka kitanda kimoja au viwili. Akanipa na ramani ya mji yenye nukta ndogo za rangi, mahali ambapo watu wa bendera hiyo wanakula na kunywa bila bughudha.

Nikamrudishia ramani yake. Nikamwambia nina mke na watoto watano, na ofisi, na magari mawili.

"Vizuri sana," akasema, hakukasirika hata kidogo. "Wewe ndiye kaka yake Nassor. Jana alikuja mwenyewe chumbani kwako. Pombe kaitoa yote kwenye friji. Na kibla kakiwekea alama ya karatasi mezani, akatuambia tusiitoe."

Nikasema sipandi chumbani. Nikakaa pale mapokezi na boksi langu.

Mbele yangu walikaa wazee wawili wa Kiswidi, wanaume, vichwa vyeupe, wanagombana juu ya miwani: nani kaiacha kwenye treni. Wamegombana vile ninavyogombana na mke wangu, neno kwa neno. Mmoja akanigeukia akaniuliza nimetoka wapi na kama nakuja hapa mara nyingi. Nikasema mara ya kwanza. Akasema wao wanakuja hapa kila mwaka, kwa sababu zamani, katika miji mingine, waliwahi kutolewa hotelini na mabegi yao kuwekwa barabarani, mvua inanyesha. "Hapa hakuna anayetubughudhi," akasema. Akasema hivyo kama mtu anayesifu chai. Mwenzake akaipata miwani mfukoni mwake, wakacheka.

Mimi mabegi yangu yamewahi kutupwa nje, mtaa wa Naif, mwaka niliofika Dubai, na yule aliyenipangisha kitanda alikuwa Mswahili mwenzetu. Ile hasira ninayo mpaka leo. Nikajikuta nawakasirikia watu walioyatupa mabegi ya wazee hawa, na sikupenda kujikuta hapo.

Nassor akatokea mlango wa jikoni, aproni nyeupe, ndevu zimeingia mvi. Mdogo wangu ana mvi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani kakwambia mimi ni mgeni wa hoteli?"

"Hapa ndipo ninapofanya kazi, kaka. Chumba ni kizuri, chakula nitakupikia mwenyewe…"

"Sijauliza chumba. Una nyumba huna?"

"Ninayo."

"Ina sakafu?"

"Kaka, watu wanatazama."

"Watazame! Ina sakafu haina? Mimi nimelala juu ya magunia Deira miaka miwili, leo nishindwe kulala sakafuni kwa mdogo wangu?"

Akavua aproni, akaikunja polepole, akaiweka juu ya boksi.

"Ulisema hukanyagi ninapoishi," akasema. "Ukasema maji ya nyumba yangu huyanywi. Ukasema na mama nisimpigie, sauti yangu itampandisha presha, atakufa, na dhambi itakuwa yangu. Baba hayupo, wewe ndiye mkubwa. Nimefanya yote, neno kwa neno, miaka tisa. Leo umetoka Dubai kuja kunigombeza kwa kukutii?"

Jamaa zangu, nimegombana na maofisa wa bandari, nimegombana na mawakili. Hakuna aliyewahi kunirudishia maneno yangu mwenyewe hivi. Nikainama nikaibana tepu ya boksi iliyokuwa haijafunguka.

"Nani kakutuma?" akauliza. "Wale wa chai? Unataka uione nyumba, uwapelekee ya kuhadithia?"

"Mama. Kasema nilale kwako. Macho yanamwisha, Nassor."

Akakaa kitini, mikono juu ya magoti. Halafu akainuka akanyanyua boksi.

"Ni ghorofa ya nne," akasema. "Na lifti haipo."

Ghorofa ya nne

Ngazi ni za mbao, nyembamba, zinazunguka. Nilipumzika mara mbili nikisingizia viatu. Mlangoni alisimama mtu mrefu ajabu, kichwa kinakaribia boriti, anaitwa Jens, ni mwalimu wa shule ya msingi. Akanipa mkono na kusema "Shikamoo," kisha akamtazama Nassor kuuliza kama kapatia. Nikasema marahaba. Ningefanyaje? Mtu kaniamkia.

Nyumba ni vyumba viwili, safi, viatu wanavua mlangoni. Jikoni kuna sufuria mpya juu ya jiko, karatasi ya dukani bado imeganda ubavuni. Nassor akaeleza: Jens yeye hula nguruwe mara mojamoja, basi nilipoandika kwamba nakuja, akaenda akanunua sufuria, mwiko, kisu na sahani nne, ili hata kama ningepita kwa dakika tano pawe na chombo ambacho sitakitilia shaka. Na walikuwa wamenipangia hoteli! Walinunua vyombo vya mgeni waliyejua haji. Nikawaka. Nikamwambia Nassor amwambie Jens kwamba aache kununua sufuria kila mtu anapotishia kuja. Jens akacheka, akasema lakini hii ni nzuri, haishiki chini.

Tulikula wali na dagaa wa boksi langu, nazi ya kopo. Samli haikuwepo, nikaeleza kwa nini, na Nassor akauliza mara mbili kama kweli ilikuwa ya mama.

Kisha akafungua mfuko wa mkononi.

"Hizi za nani?"

Ningeweza kusema uongo mwingine. Nilikuwa nao tayari.

"Za mkeo," nikasema. "Wake wa jamaa wamemletea."

Nikamweleza yote: watoto wawili, nywele, ugonjwa wa mgongo. Akamfasiria Jens. Jens akauliza watoto wanaitwaje. Nikasema sijui. Nilidhani watacheka, na mimi nilikuwa tayari kucheka nao ili yaishe. Nassor hakucheka.

"Kaka, kila Idi unaniandikia: jamaa wanamsalimia mkeo. Nilidhani unanikejeli. Kumbe yupo! Nimechoka kusalimiwa mke nisiyemjua. Waambie. Mimi nipo huku, hawawezi kunifanya kitu. Lakini waambie wewe, na kwa jina langu."

Basi nawaambia. Nassor hana mke. Aliniambia miaka tisa iliyopita kwamba hataoa mwanamke, na sasa anaishi na Jens, mwaka wa nane huu.

Huko mwezi wa sita jua halitaki kutua. Saa tatu na nusu usiku limekaa juu ya mapaa kama alasiri, na mimi nimekaa na udhu wangu nasubiri Magharibi, nasubiri, mpaka nikadhani saa yangu imeharibika. Ilipoingia nikasali, nikatandikiwa godoro sebuleni, lakini chumba kinang'aa, pazia lao jepesi kama karatasi. Jens akapanda kiti, hata kiti hakukihitaji, akazibana kanga zote nane dirishani kwa vibanio vya nguo. Giza zuri likaingia, jekundu kidogo. Waambieni wake zenu kanga zimefika na zinafanya kazi. Sijamwona mtu akizitendea heshima zaidi.

Kabla ya kulala nikaona kovu tumboni mwa Nassor alipokuwa akibadilisha shati. Mwaka juzi utumbo ulipasuka, akalazwa wiki tatu. Jens aliomba ruhusa shuleni, akalala kwenye kiti pembeni mwa kitanda. Mimi natuma dawa za mama wa kila mtu, nafuatilia boksi la mtu nisiyemjua mpaka Kampala, na ndugu yangu kapasuliwa tumbo sikujua. Nani angeniambia? Nilikuwa nimeshamfunga mdomo.

Simu ya mama

Asubuhi nikampigia kwa picha. Akaileta simu karibu na lile jicho linaloona, kwa hiyo nikawa naongea na jicho.

"Umelala wapi?"

"Kwake, mama."

"Godoro?"

"Zuri."

"Anaishi na nani?"

Hapo Nassor alikuwa kasimama nyuma ya mlango wa jikoni, kashika fremu. Nilimwona mkono tu.

"Anaishi na mwanamume, mama. Jina lake Jens. Hakuna mke. Hakujakuwa na mke. Nilikudanganya."

Jicho likapepesa.

"Salum, mke gani asiyeniamkia hata Idi moja kwa miaka tisa? Unaniona mimi mjinga?" Akaisogeza simu karibu zaidi. "Sikufurahi, na sisemi nimefurahi. Mambo yake na Mola wake. Lakini nilidhani mwanangu kanichukia. Nimekaa hapa nadhani Nassor hataki sauti yangu. Nani kamkataza kunipigia?"

Angeweza Nassor kulisema jina langu kutoka kule mlangoni. Hakusema.

"Mimi, mama."

Sitaandika aliyoniambia. Nina miaka hamsini na mbili, na tangu nianze kujitegemea hakuna aliyenisema vile, na kila neno lilikuwa haki yangu. Alipomaliza akasema, "Mpe simu mwanangu." Nikampa. Nikatoka, nikashuka ghorofa zote nne, nikakaa nje kwenye kizingiti nikitazama baiskeli. Walizungumza saa nzima na dakika kumi.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na shida yoyote, ndege ikaondoka kwa wakati. Shida nimeikuta hapa. Nimeketi kwenye chai, hata kikombe hakijaja, Mbarouk kashapata fununu sijui kwa nani, ananiuliza mbele ya watu, "Eti Salum, maji ya mle ndani ulikunywa?" Na nyinyi mkacheka. Watu ambao nimewasafirishia mama zao viti vya magurudumu mkacheka.

Nilikunywa. Nilikula, nililala, nilioga kwa taulo lao. Mimi ni Mwislamu na nitabaki hivyo, sijaja kuwafundisha dini wala kumbadilisha mtu. Ninachosema ni kwamba jina la Nassor halitachezewa mbele yangu tena, na aliyeanza kulichezea nilikuwa mimi. Mwenye kinyaa na kikombe changu, ofisi za kago Deira zimejaa, achague.

Mama anataka kwenda kwa Nassor. Anasema kama jicho limebakiwa na miezi, basi litumike. Alipomaliza na Nassor siku ile aliniita tena kwenye simu akaniuliza jambo moja tu: yule mwenzake anavaa kanzu ya kimo gani, maana haendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu.

Jana nimepeleka vipimo kwa fundi. Kapima kitambaa, kapima tena, akanitazama kama nimerukwa na akili.

"Arbab, bosi wangu, hakuna mtu mrefu hivi. Ni ya nani?"

"Ya mtu wa nyumbani kwetu," nikamwambia. "Yalla, kata."